Vidole vimegoma na kazi ni ya serikali: nitastaafu vipi kwa ugonjwa?

SWALI

Assalaam aleykum ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 49, mzaliwa wa Tanga, sasa ni raia wa Marekani na naishi Minnesota. Ni muuguzi msaidizi katika hospitali moja ya serikali kuu, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yenyewe unaijua: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kuwatoa kitandani kuwaweka kwenye kiti cha magurudumu, kupima presha, kubadili mashuka, na kengele ikilia unakimbia.

Miaka mitatu iliyopita niliambiwa nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inavishambulia viungo vyake yenyewe. Ilianzia vidoleni, ikaja vifundo vya mikono, sasa imefika magotini. Zamu yangu inaanza saa moja asubuhi, na mpaka kama saa nne hivi vidole havikunjiki. Kifuniko cha chupa ya dawa kinanishinda, glavu navalishwa. Kuna mwenzangu mmoja, dada wa Kimeksiko, Mungu ambariki, kila penye kunyanyua ananisogeza pembeni ananyanyua yeye, na mimi namwandikia mafaili yake. Kwa hiyo tathmini yangu ya mwaka imetoka nzuri kama siku zote. Ila siku za likizo ya ugonjwa zimekwisha, na sasa nikiumwa nakaa nyumbani bila mshahara.

Daktari nilimwomba barua akaniandikia mistari mitatu: kwamba nina ugonjwa huu, kwamba napata maumivu, kwamba anashauri nipunguziwe kazi. Ofisi ya utumishi waliisoma wakaniambia kwa upole kwamba kwa barua hii ombi la kustaafu kwa ugonjwa halitafika mbali. Nilishangaa. Shemeji yangu alikuwa mwalimu huko nyumbani, alipopata kiharusi aliitwa mbele ya bodi ya madaktari, wakampima, akastaafishwa. Mimi mbona hakuna anayeniita anipime?

Wenzetu hapa kila mmoja ana lake. Mmoja ananiambia lazima uwe wa kitandani. Mwingine alinyimwa mafao ya ulemavu ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya hapa Marekani, anasema nikinyimwa huko na serikalini ndiyo basi. Baba Nuru amechoka kuniona silali usiku, anasema andika barua ya kuacha kazi, turudi Tanga tufungue duka. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema, amesema anaweza kuniweka mapokezi kwa muda nipokee simu. Nikikataa si nitaonekana mkaidi?

Na nisifiche: Jumamosi watu wa jumuiya yetu hunilipa nipike pilau ya shughuli. Siku hizi nakaa kwenye kiti naelekeza na wasichana ndio wanaokoroga, lakini picha ziko Facebook na jina ni langu. Tena vidonge vya metotreksati niliviacha tangu mwaka jana kwa sababu vilinitapisha, nikawa nakunywa tangawizi na manjano anavyonitumia mama.

Nastahili au sistahili? Na nianzie wapi?

Mama Nuru, Minnesota

JIBU

Waaleykum salaam Mama Nuru, ugua pole. Kwa uliyoyaeleza, naona unastahili. Kilichopungua ni maandishi, na hayo yanapatikana.

Kwanza sahau habari ya bodi. Huku hakuna jopo litakalokuita likukunje vidole. Anayeamua ni Ofisi ya Usimamizi wa Watumishi, OPM, na mtu wa huko hakuoni kwa macho, anasoma faili. (Kwa miaka mingi mafaili ya wastaafu wa serikali kuu yamekuwa yakishughulikiwa ndani ya mgodi wa zamani wa mawe ya chokaa huko Boyers, Pennsylvania, chini ya ardhi kabisa. Hebu mfikirie karani amekaa humo na barua yako ya mistari mitatu mkononi.) Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Wasichokiona kwenye karatasi, kwao hakipo.

Na hawaridhiki na jina la ugonjwa. Wanachotaka kujua ni kazi ipi katika kazi zako imekushinda, ugonjwa huo unaizuiaje, na daktari amejuaje. Barua uliyopewa inatosha kukupatia ED, ruhusa ya kupumzika, ya siku mbili. Kwa kustaafu haitoshi.

Masharti yenyewe si mengi. Wewe uko chini ya mfumo wa pensheni uitwao FERS, unaowahusu karibu wote walioajiriwa na serikali kuu baada ya mwaka 1983. Unatakiwa uwe na utumishi wa kiraia usiopungua miezi 18, na huo umeupita zamani. Ugonjwa uwe umekupata au umekuzidia ukiwa bado katika ajira hii, na utarajiwe kudumu angalau mwaka mmoja tangu uombe. Uwe unakuzuia kufanya kazi ya cheo chako kwa manufaa na ufanisi. Mwajiri awe hana marekebisho ya kukuwezesha kuifanya, wala nafasi nyingine iliyo wazi ya daraja au mshahara uleule, katika eneo unaloweza kwenda na kurudi, ambayo unaimudu. Na uwe umeomba mafao ya ulemavu ya Social Security.

Hakuna mahali panaposema uwe wa kitandani. Huyo aliyekuambia hivyo anachanganya mambo mawili, na wengi wanachanganya. Social Security wanaangalia kama unaweza kufanya kazi yoyote ya maana katika uchumi wa nchi hii, hata ya kukaa kwenye kiti na kubonyeza vitufe. FERS wanaangalia kazi yako wewe, ya muuguzi msaidizi, katika cheo ulichonacho. Ndiyo maana mtu hunyimwa kule akakubaliwa huku. Kuomba Social Security ni lazima, na risiti ya ombi itawekwa kwenye faili, lakini kukubaliwa si lazima.

Sasa hii tathmini nzuri, kwangu ndiyo inayohitaji akili. Huyo dada wa Kimeksiko amekusitiri, na sitara hiyo imeingia kwenye kumbukumbu za ofisi kama uzima. Hata hivyo kanuni hazidai kwamba lazima uwe umeboronga. Zinatambua upungufu wa namna tatu, katika utendaji, mwenendo au mahudhurio, na hata pasipo upungufu wowote zinaangalia kama ugonjwa wenyewe haupatani na kazi. Mahudhurio unayo: likizo imekwisha na una siku zisizo na malipo. Omba nakala ya kumbukumbu hizo. Na kutopatana kuko wazi mtu akieleza. Muuguzi ambaye mkono wake unaweza kuachia ghafla wakati anamhamisha mzee wa kilo 90 ni hatari kwa mzee yule. Hilo liandikwe hivyo hivyo, bila haya. Halitakushushia heshima.

Tuje kwa daktari. Kabla hujaenda, omba ofisi ya utumishi hati rasmi ya majukumu ya cheo chako. Humo kumeandikwa mambo ambayo ninyi mliozoea wodi hamyaoni tena kuwa ni kazi: kunyanyua, kusukuma, kuinama, kusimama zamu nzima, kushika vifaa vidogo kwa vidole. Ipige nakala, weka alama kwa kalamu pale panapokushinda, umpelekee daktari pamoja na fomu 3112C, ambayo ni ya kwake. Ikiwezekana awe mtaalamu wa baridi yabisi, kwa sababu daktari wa familia anakujua wewe, lakini mtaalamu ndiye anayeujua ugonjwa.

Usimwandikie barua. Muulize maswali mbele ya hati ile. Je, naweza kumnyanyua mtu? Nikiweza, mara ngapi? Vidole vyangu asubuhi umevionaje? Kuna kifaa cha kubana mkononi kinachopima nguvu ya kushika. Mwombe akitumie na namba iandikwe. Ugumu wa asubuhi ni dalili inayojulikana sana ya ugonjwa wako, basi aseme unadumu saa ngapi. Akimaliza, tofauti utaiona mwenyewe. Badala ya "ana maumivu, apunguziwe kazi", pawe na kitu kama hiki: "Vifundo vya vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na eksirei inaonyesha uharibifu. Nguvu ya kushika imepungua sana nilipoipima. Kwa sababu hiyo hawezi kumhamisha mgonjwa kwa usalama wala kufungua vifaa kwa haraka inayotakiwa. Kwa maoni yangu hali hii itadumu zaidi ya mwaka mmoja hata akitibiwa." Kama ndivyo alivyoona, lakini. Na nyuma ya barua ziambatishwe damu, eksirei na maandishi ya kliniki tangu mwanzo.

Hapo kwenye matibabu pana tundu, na umelisema mwenyewe. Msomaji wa faili atauliza kama ugonjwa ungetulia kwa dawa. Akikuta daktari ameandika metotreksati, kisha kimya cha mwaka mzima, atasema mgonjwa hajatibiwa. Rudi kliniki wiki hii, mwambie daktari ilikutapisha na uliiacha lini, ili sababu iingie kwenye kumbukumbu. Kichefuchefu kwa dawa hiyo ni jambo la kawaida, na zipo njia: asidi ya foliki, au dawa ileile kwa sindano, au kuhamia dawa nyingine. Tangawizi ya mama endelea nayo kwenye chai, na mtajie daktari hiyo na manjano pia. Nasema haya kwa ajili ya faili, ila zaidi kwa ajili ya viungo vyako. Baridi yabisi isiyotibiwa inakula mfupa, na mfupa haurudi.

Pilau sasa. Usifute picha, na usiandike popote kwamba huwezi kufanya lolote. Fomu yako wewe ni 3112A, na wengi huiharibu kwa kutia chumvi: "siwezi kushika kitu kabisa". Halafu mtu anaonekana na mwiko mkononi. Andika ukweli wenyewe, unakusaidia kuliko chumvi. Sema ulikuwa unapika sufuria za shughuli mwenyewe, sasa unakaa unaelekeza, na wasichana ndio wanaonyanyua na kukoroga. Hiyo peke yake inaonyesha ugonjwa ulivyokubadilishia maisha nje ya kazi, na fomu inauliza hilo pia. Malipo ya pilau yaingie kwenye hesabu zako za kodi.

Kuhusu meza ya mapokezi, ichukue. Huna haja ya kukataa riziki wakati unasubiri. Kazi inayozuia kustaafu ni nafasi halisi, iliyo wazi, ya daraja au mshahara wako, unayoimudu. Kazi ya muda ya kukusitiri isiyo na cheo chake haihesabiki hivyo, na Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ilishalisema mwaka 2001 katika shauri la Bracey dhidi ya OPM. Mwombe tu msimamizi aandike, hata kwa barua pepe ya sentensi mbili, kwamba ni ya muda na kwamba cheo chako bado ni kilekile. Lakini nikuambie na upande wa pili: wakikuletea kesho nafasi ya kudumu ya mapokezi yenye mshahara uleule, na daktari akasema unaiweza, ukiikataa ombi linaanguka. Wakati huo utaichukua, na mimi nitafurahi.

Baba Nuru nampa pole, anakupenda. Ila barua ya kuacha kazi asikuandikishe leo. Unaweza kuomba ukiwa bado kazini, na ni bora, kwa kuwa msimamizi ana fomu yake, 3112B, na ofisi ina yake, 3112D, inayoeleza walichojaribu kukufanyia. Watu uliofanya nao kazi jana wanaijaza vizuri kuliko watu waliokwisha kukusahau. Ukishatoka, una mwaka mmoja tu, na ombi liwe limefika OPM ndani ya mwaka huo. Nimeona watu wakienda nyumbani kupumzika kidogo, kidogo ikawa miezi kumi na tano. Tena kama ajira itakwisha, heri iishe kwa mwajiri kukuondoa kwa barua inayotamka wazi kwamba afya haikuruhusu kufanya kazi ya cheo chako. Tangu shauri la Bruner la mwaka 1993, barua ya namna hiyo inakupa nafasi ya mbele, na OPM ndiyo inayotakiwa kuleta ushahidi wa kuipinga. Barua ya "naacha kwa hiari yangu" haikupi kitu.

Fedha hukuniuliza, ila najua mumeo ataniuliza. Wanachukua wastani wa mshahara wako wa miaka 3 mfululizo ulio mkubwa kuliko yote. Miezi 12 ya kwanza wanakupa asilimia 60 ya wastani huo, ukiondoa chote unachopata cha ulemavu Social Security. Baada ya hapo ni asilimia 40, ukiondoa asilimia 60 ya hicho cha Social Security, mpaka ufike miaka 62, ambapo pensheni inapigwa upya na miaka uliyokaa nje kwa ugonjwa inahesabiwa kama ya kazi. Tuseme wastani wako ni dola 45,000. Ukinyimwa Social Security, mwaka wa kwanza ni kama dola 2,250 kwa mwezi, kisha 1,500, kabla ya kodi na bima. Ukipewa Social Security tuseme dola 1,200, OPM watakupa 1,050 mwaka wa kwanza na 780 baadaye, juu ya hizo 1,200.

Na hapa kuna mtego unaowanasa watu wetu hasa. Social Security huchelewa, halafu hulipa malimbikizo kwa mkupuo. Wakati huo wote OPM huwa wamekulipa bila kukata, kwa hiyo sehemu ya mkupuo ule ni deni lao na watalidai. Fedha hiyo ikiingia benki usiitume nyumbani kupaulia nyumba. Iache ikae mpaka OPM walete hesabu.

Duka la Tanga halikatazwi. Lakini mpaka utimize miaka 60, kipato chako cha kazi au biashara kwa mwaka kisifikie asilimia 80 ya mshahara wa sasa wa cheo ulichostaafia. Kikifika, mafao yanasimama. Duka la mtaani sidhani kama litakufikisha huko, ila weka daftari. Bima ya afya utaendelea nayo ukiwa umekuwa ndani ya mpango wa serikali miaka 5 mfululizo kabla ya kustaafu. Hakikisha hilo kabla hujasaini chochote.

Wakikukatalia, usilie. Una siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kuomba waangalie upya na kuongeza ushahidi. Wakikataa tena, una siku nyingine 30 kwenda MSPB, chombo cha rufaa za watumishi, ambako jaji atakusikiliza wewe mwenyewe ukieleza. Hapo ndipo pa kutafuta wakili. Kabla ya hapo muulize mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, maana baadhi yao wamezijaza fomu hizi mara nyingi na hawatozi kitu.

Kuanza, basi, ni kliniki kwa habari ya dawa, kisha hati ya majukumu ya kumpelekea daktari, kisha 3112A jioni moja mkiwa wawili mezani. Na huyo dada wa Kimeksiko, muombe aandike barua fupi kwa maneno yake mwenyewe: tangu lini anakunyanyulia wagonjwa, anakuvalisha glavu saa ngapi, ni mara ngapi kwa zamu. Mashahidi wa kazini wanaruhusiwa kwenye faili. Ila muulize kwanza kama hatapata shida na wakubwa kwa kukiri kwamba alikuwa anafanya kazi ya watu wawili, akisita, mwachie.